Kitambaa kinachonuka maziwa: jibu kwa msomaji aliyeletewa kalamkari

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kaka yangu anasoma Hyderabad, India. Aliporudi likizo aliniletea vitambaa viwili, vyote ameuziwa kwa jina la kalamkari. Cha kwanza ni kizito, rangi zake zimepoa, kimejaa picha za watu wenye macho makubwa, na chini ya kila picha kuna maandishi ya mviringo. Kwenye picha moja mtu ameweka mguu juu ya jiwe huku ameshika mshale usoni pake. Kitambaa chenyewe kinanuka kama maziwa yaliyochacha. Cha pili ni chepesi, kina maua na majani yanayojirudia, na kaka anasema alikipata kwa bei ya kutupa. Fundi wangu hapa Morogoro ananiambia cha kwanza kimeoza na cha pili ni kitenge tu. Je, nimeletewa feki? Naweza kuvishona? Na zile picha zinasema nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza mtulize fundi wako: kitambaa cha kwanza hakijaoza. Harufu hiyo ni ya maziwa kweli, maziwa ya nyati wa kufugwa, na mimi naiamini kuliko lebo yoyote ya dukani. Kwa jinsi ulivyokieleza, una mkononi kalamkari ya Srikalahasti iliyochorwa kwa mkono. Cha pili kinataka kuangaliwa zaidi. Kinaweza kuwa cha kweli kwa namna yake, na kinaweza kuwa chapa ya kiwandani iliyovishwa jina la watu. Ukishaelewa rangi hizi zinavyoingia kwenye pamba utajua mwenyewe, kwa hiyo nitaanzia huko.

Jina lenyewe si geni kwako. Ni maneno mawili ya Kiajemi: qalam, ambayo ndiyo kalamu yetu hii hii iliyotufikia kupitia Kiarabu, na kari, yaani kazi. Kazi ya kalamu. Isfahan kule Iran wapo hadi leo mafundi wanaochapa vitambaa na kuviita kwa jina hilo hilo, ghalamkar. Kwa Kitelugu kazi hii ina jina jingine, vratapani, kazi ya kuandika, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi. Ukimwona fundi amechuchumaa mbele ya kitambaa chake utaelewa kwa nini: mkono unakwenda kama wa mtu anayeandika barua ndefu, mstari baada ya mstari, na pakiharibika hakuna kufuta.

Kitelugu ni lugha ya mama ya watu zaidi ya milioni 80. Nchi yao ni majimbo mawili, Andhra Pradesh na Telangana, yaliyokuwa jimbo moja mpaka tarehe 2 Juni 2014. Hyderabad anakosoma kaka yako ni mji mkuu wa Telangana, lakini asili ya kalamkari ni Andhra Pradesh, tena katika pande mbili zisizofanana. Srikalahasti iko kusini, kiasi cha kilomita 36 kutoka Tirupati, kwenye ukingo wa mto Swarnamukhi. Upande wa pili ni Pedana, mji mdogo ulio karibu na bandari kongwe ya Machilipatnam, kwenye delta ya mto Krishna. Srikalahasti wanachora kwa kalamu. Pedana wanachapa kwa vibao vya mti. Ndiyo maana vitambaa viwili vyenye jina moja vinaweza kutofautiana hivyo.

Sasa tuje kwenye maziwa. Fundi wa Srikalahasti huanza na pamba ghafi isiyopaushwa. Anaifua kutoa wanga wa kiwandani, kisha anailoweka kwenye maji ya karakkaya yaliyochanganywa na maziwa ya nyati, anaikamua, anaianika juani. Karakkaya ni tunda gumu kavu la mti uitwao kitaalamu Terminalia chebula. Ukilitafuna, kinywa chote kinakakamaa, kama vile umeuma ndizi mbichi au bibo ambalo halijaiva. Ukakasi ule ndio tanini, na tanini ndiyo inayongoja chuma na shabu ndani ya pamba. Kazi ya maziwa ni mafuta yake: yanazuia wino usitambae. Kitambaa kilicholowekwa karakkaya tupu ukikigusa na kalamu, mstari unasambaa kama wino kwenye karatasi ya gazeti. Kikiwa na maziwa, mstari unakaa pale pale ulipowekwa.

Kalamu yao ni kijiti cha mwanzi au cha mtende kilichochongwa ncha. Juu kidogo ya ncha wanazungushia kitambaa au sufu, wanakaza kwa uzi mpaka inakuwa donge la ukubwa wa kitunguu kidogo. Donge linachovywa, linashiba, na kidole kinaliminya taratibu ili wino ushuke kwenye ncha. Kuminya kwingi, tone linaanguka na siku nzima imepotea. Kuminya kidogo, mstari unakatika. Kwa mchoro wa awali wanatumia mkaa wa vijiti vya mkwaju, mwepesi, unaopukutika ukiupuliza.

Wino mweusi nao una habari yake. Wanachukua vyuma chakavu, misumari yenye kutu na kadhalika, wanavitia kwenye chungu cha maji pamoja na sukari guru, wanafunika na kuviacha vichachuke kwa wiki mbili tatu. Kinachotoka ni maji ya rangi ya udongo yasiyokupa matumaini yoyote. Siku ya kwanza nilipoyaona nilidhani fundi ananionyesha uchafu wa kumwaga. Alichovya kalamu, akavuta mstari mmoja mrefu wa mgongo wa farasi kwenye pamba ya njano, na mstari ule ukaanza kuiva mbele ya macho yangu: hudhurungi, kijivu, halafu mweusi tii, wote ndani ya muda wa kuvuta pumzi mbili tatu. Chuma kilikuwa kimekutana na tanini. Hapakuwa na rangi nyeusi ndani ya chungu wala ndani ya kitambaa. Ilizaliwa pale vilipogusana. Nimefundisha upakaji rangi miaka mingi na bado nikilikumbuka jambo lile mwili unanisisimka.

Nyekundu inazaliwa vivyo hivyo, ila kwa subira zaidi. Sehemu zinazotakiwa kuwa nyekundu zinaandikwa kwa maji ya shabu, hii hii shabu inayouzwa madukani kwetu na wanayopaka vinyozi baada ya kunyoa ndevu. Kwa macho huoni kitu cha maana, alama hafifu tu. Kitambaa kinaachwa siku kadhaa, kisha kinapelekwa mtoni kusuuzwa, na hapa ndipo maji yanapokuwa fundi wa pili. Shabu iliyozidi lazima iondoke, tena iondoke haraka bila kugusa sehemu za jirani, la sivyo wekundu utatokea mahali usipoitwa. Beseni halifai kwa kazi hiyo. Yanatakiwa maji yanayokwenda. Halafu kitambaa kinachemshwa kwenye sufuria kubwa pamoja na mizizi na magome ya rangi; zamani mzizi mkuu ulikuwa wa chay, mmea mdogo wa pwani ile, na uliosifika kuliko yote ulitoka delta ya Krishna, kwenye udongo wenye chokaa ya makombe ya baharini. Kila penye shabu panakuwa pekundu. Pasipo na shabu panachafuka kidogo tu, na uchafu huo unatolewa kwa kuloweka kitambaa kwenye maji yaliyokorogwa mavi ya mbuzi au ng'ombe, kukianika kikiwa kimelowa, kukinyunyizia maji, kukianika tena. Jua na mavi vinaling'arisha eneo jeupe bila kuumiza wekundu.

Baada ya hapo kitambaa kinarudi tena kwenye maziwa, ndipo zinafuata njano, ya maua ya karakkaya au maganda ya komamanga, na bluu ya nili. Kijani ni njano juu ya bluu. Hatua zote ukizihesabu wengine wanakwambia 17, wengine 23, inategemea kama kila kufua na kila kuanika unakuhesabu peke yake. Mimi najali zaidi kwamba Swarnamukhi ni mto wa msimu. Miezi mingi ni mchanga, na fundi anahangaika na pampu kutafuta kile ambacho mababu walikipata kwa kushuka ukingoni.

Hiyo ndiyo sababu ya harufu. Imebaki kwa kuwa kitambaa kilipita kwenye maziwa mara zaidi ya moja na hakijafuliwa vya kutosha tangu kitoke kwa fundi.

Tuje kwenye picha, kwa sababu umemwona Kannappa na hukumjua.

Srikalahasti ni mji wa hekalu la Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu; ni mojawapo ya mahekalu matano ambako anaabudiwa kupitia vitu vitano vya asili. Hapa ni upepo. Jina la mji linasomwa na wenyeji kama majina ya wanyama watatu waliomwabudu pale: sri ni buibui, kala ni nyoka, hasti ni tembo. Na mtu uliyemwona na mshale ndiye Kannappa, mwindaji wa msituni. Hakujua ibada wala usafi wa makuhani. Aliliogesha jiwe la Shiva kwa maji aliyoyabeba kinywani, akaliwekea nyama ya mawindo yake, na kuhani wa hekalu alipoona alikasirika mno. Siku moja jiwe likaanza kutoka damu kwenye jicho. Mwindaji akajaribu dawa za majani, hazikufaa. Akachukua mshale, akang'oa jicho lake mwenyewe akaliweka pale, damu ikakatika. Mara jicho la pili la jiwe likaanza kutoka damu. Sasa, mwanangu, tazama ule mguu. Alikuwa na jicho moja tu, na akilitoa hilo hataona pa kuliweka. Basi akapandisha mguu, akaweka kidole chake kwenye jicho la jiwe kuwa alama, kisha akainua mshale. Hapo ndipo Shiva alipomshika mkono. Kukanyaga mungu kwa mguu ni dharau kubwa kwa Mhindu, na mchoraji anakuchorea dharau hiyo katikati kabisa, kwa sababu humo ndimo mlimo mapenzi ya yule mtu.

Hivyo ndivyo vitambaa hivi vilivyotumika. Vilitundikwa hekaluni nyuma ya sanamu, vikapamba magari ya maandamano siku za sikukuu, na msimuliaji aliweza kusimama mbele yake akionyesha picha baada ya picha. Mpangilio ni kama gazeti la picha: katikati tukio kubwa, pembeni safu za matukio madogo, na chini ya kila moja mstari wa Kitelugu unaosema nani anafanya nini. Rangi nazo zinakwambia. Miungu Rama na Krishna mara nyingi ni wa bluu, wanawake ni wa njano, majitu ya upande wa uovu ni mekundu au ya kijani, na nafasi ya nyuma wekundu uliojaa maua madogo ili pasiwe na pengo. Masimulizi mengi ni ya Ramayana na Mahabharata, tendi mbili kuu za Wahindu; Kannappa ni wa kwao wa nyumbani, na ukimkuta kwenye kitambaa una haki ya kufikiri kwamba aliyekichora anaishi karibu na hekalu lile.

Kazi hii ilikaribia kufa. Ilipofika katikati ya karne iliyopita mahekalu hayakuwa yakiagiza vitambaa kama zamani, na watu waliojua hatua zote walikuwa wachache sana. Bi Kamaladevi Chattopadhyay, mama aliyezunguka India nzima akitetea mafundi, alisukuma kituo cha mafunzo cha serikali kifunguliwe Srikalahasti katika miaka ya 1950. Katika kizazi kilichotokana na juhudi hizo yumo Jonnalagadda Gurrappa Chetty, aliyetunukiwa nishani ya Padma Shri mwaka 2008. Leo utawakuta wanawake wengi wameshika kalamu ambayo zamani ilikuwa ya wanaume.

Kitambaa chako cha pili kinatupeleka baharini. Machilipatnam ilikuwa bandari ya masultani wa Golconda, ukoo wa Qutb Shahi, walioitawala nchi hiyo tangu 1518 mpaka 1687 na ambao magofu ya ngome yao kaka yako anaweza kuyafikia kwa basi la mjini. Walikuwa na uhusiano wa karibu na Iran, na soko la Kiajemi halikutaka miungu wala majitu. Lilitaka maua, mizabibu, miti ya uhai, ndege, mapambo ya matao. Mafundi wakaitikia. Waholanzi walifika 1605, Waingereza 1611, kila mmoja na vielelezo vyake mkononi. Ulaya ilikuwa haijawahi kuona pamba nyepesi yenye rangi ambazo ukizifua hazitoki, na ilizipenda kiasi kwamba wafumaji wao wa sufu na hariri walilia kwa watawala. Ufaransa ilipiga marufuku vitambaa vya namna hiyo mwaka 1686. Uingereza ilipitisha sheria zake mwaka 1700 na 1720. Mwaka 1742 padri Mfaransa Gaston-Laurent Coeurdoux, aliyeishi kusini mwa India na kukijua Kitelugu vizuri, aliandika barua akieleza hatua kwa hatua namna mafundi wa pwani ile wanavyofanya, alivyodokezewa na waumini wake wa huko. Tunda la ukakasi na maziwa ya nyati yamo humo. Nikiisoma habari hiyo najisikia vibaya kwa ajili ya wale mafundi. Walichokitoa kwa padri wao kikawa mali ya viwanda vya watu wengine, na viwanda hivyo baadaye vikaleta India vitambaa vya mashine vilivyowaua njaa wajukuu zao. Machilipatnam yenyewe ikaja kupigwa na kimbunga cha Novemba 1864, bahari ikaingia mjini usiku, wakafa watu wapatao 30,000.

Utaniuliza kama vitambaa hivyo vilifika kwetu. Nguo nyingi za Kihindi zilizofika Zanzibar, Lamu na Mombasa zilitoka Gujarat, upande wa pili wa India, na yeyote atakayekwambia kanga ilizaliwa Andhra anakuuzia maneno. Kipo hata hivyo kitambaa kimoja cha Watelugu kilichosafiri mpaka nchi za Waarabu na pwani ya Afrika Mashariki: telia rumal, leso ya mafuta. Kilifumwa Chirala, kusini-magharibi ya Machilipatnam. Nyuzi zililowekwa tena na tena kwenye mafuta na majivu ya maganda ya mbono, zikafungwafungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, hivyo mapambo yanatokea yenyewe kitambaa kinapofumwa. Rangi zake ni tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na ni kizuri kwa kilemba kwa sababu ya ule ulaini wa mafuta. Siku hizi kinafumwa zaidi Puttapaka, Telangana. Kama kuna bibi wa pwani anayesoma hapa na ana kitambaa cha namna hiyo sandukuni, kinachonuka mafuta hata baada ya miaka, tafadhali asikitupe.

Basi, cha pili ni nini? Kichukue, kaa nacho dirishani mchana.

Tafuta ua moja linalojirudia na ulilinganishe na ndugu zake watano au sita. Fundi wa Pedana anagonga kibao cha msaji kwa mkono, kibao kimoja cha mistari na kingine cha kujaza rangi. Mkono hauwezi kugonga sawasawa mara mia. Utaona rangi imevuka mstari kidogo hapa, imepungua pale, na ukifuata ukingo wa pambo utakuta mishono midogo kila kibao kinapoishia na kingine kinapoanzia. Kama maua yote yamelingana kama sare za shule, ni chapa ya skrini, yaani rangi iliyosukumwa kupitia wavu, au ni mashine. Kisha geuza nyuma. Rangi iliyopatikana kwa kuchemshwa imeingia mpaka upande wa pili, hafifu kidogo lakini ipo. Nyuma kukiwa kweupe, ni chapa ya juu juu. Angalia na eneo jeupe. Pamba iliyopita kwenye karakkaya haiwi nyeupe pe, inabaki na umanjano wa meno ya tembo. Na kama kuna waridi la kung'aa, zambarau au kijani cha plastiki, hiyo rangi haikutoka kwenye mzizi wala tunda.

Kwa ile bei ya kutupa nina wasiwasi, sikufichi. Kazi ya skrini imejaa sana, mpaka Pedana kwenyewe, nayo inauzwa kwa jina la kalamkari bila aibu, ingawa majina ya Srikalahasti na Machilipatnam yote mawili yamesajiliwa kisheria kuwa ya mahali pake. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa mjini vitambaa sita, nikaapiwa ni vya mkono, na nilipovifua vikatoa maji ya waridi kwenye karai zima. Nilivirudisha dukani na hawakunisikiliza. Kinachoniuma si hela. Fundi aliyeloweka, akaanika, akasuuza, akachemsha kwa wiki kadhaa anasimama kwenye soko moja na mtu aliyemaliza kazi yake asubuhi moja, wote wawili chini ya jina moja, na mnunuzi anachagua cha bei rahisi akidhani amepata kile kile. Lakini usimkubalie fundi wako haraka kwamba cha pili ni kitenge tu. Mishono ya vibao ukiiona, hicho ni kazi ya mkono kamili, na kikiwa cha rangi za asili, kemia yake ni ile ile: karakkaya, chuma, shabu, mizizi.

Kushona. Cha pili kishone unavyotaka, gauni, shati, pazia. Kifue kwanza peke yake kwa maji baridi, maana rangi ya ziada itatoka mara ya kwanza hata kikiwa cha kweli. Cha kwanza ningekuomba usikikate. Kitie kijiti juu na chini, kitundike ukutani pasipopigwa na jua moja kwa moja. Kama ni lazima ukifanyie kitu, usikifanye foronya ya mto wa kukalia wala pindo la sketi. Watu wanaiheshimu miungu iliyoandikwa pale, na jirani Mhindu akija kwako asione umeikalia.

Kukifua: maji baridi, sabuni laini ya kipande, usiloweke muda mrefu, usitie jiki hata tone. Anika kivulini, piga pasi upande wa nyuma. Na jambo moja ambalo sisi wa huku lazima tuambiwe: kikipata doa, usiguse ndimu. Ndimu ile ile inayotoa kutu kwenye kanzu nyeupe inafanya kazi kwa kuyeyusha chuma, na wino mweusi wa kitambaa chako ni chuma. Utasugua doa na jicho la Kannappa litaondoka nalo. Kwa sababu hiyo hiyo ya chuma, mistari myeusi ndiyo inayochoka kwanza. Pamba ya chini yake hukauka na kukatika baada ya miaka mingi. Ukikiweka kabatini kizungushe kwenye bomba la karatasi kama mkeka, usikikunje pembe.

Kaka yako akirudi Hyderabad, mwambie asiishie kwenye masoko ya mjini. Cheriyal iko safari ya saa mbili tatu tu, nako familia chache bado zinachora masimulizi kwenye vitambaa virefu vilivyopakwa ukoko wa mbegu za ukwaju na udongo mweupe, nyuma yote nyekundu, vya namna iliyokuwa ikikunjuliwa na wasimuliaji waliotembea kijiji hadi kijiji. Kazi ile ni ya brashi na rangi ya juu, tofauti kabisa na hii, lakini akiiona ataelewa kwamba kwa Watelugu kitambaa chenye picha kilikuwa kitu cha kusomewa kwa sauti. Akipata likizo ndefu zaidi, aende Lepakshi, kusini kabisa, akalale chali kwenye sakafu ya hekalu la karne ya 16 atazame dari. Mashuka na mavazi ya watu waliochorwa pale yana mapambo ambayo wabunifu wa nguo wanayanakili hadi leo. Upande huo huo kuna Nimmalakunta, kijiji cha mafundi wa vikaragosi vya ngozi ya mbuzi iliyokwanguliwa hadi inapitisha mwanga, vingine virefu kama mtu mzima.

Halafu apige picha ile mistari ya maandishi chini ya kila picha ya kitambaa chako, amwombe mama mwenye nyumba wake au mwanafunzi mwenzake Mtelugu aisome, naye akurekodie kwa simu. Itunze rekodi hiyo pamoja na kitambaa, maana kimeandikwa ili kisomwe. Harufu ya maziwa itakwisha ukikifua mara mbili.